Njaa ya Sabina

Wasifu wa mama mdogo Velonika uliosomwa kaburini Misunkumilo ulijaa ukurasa mzima, na ndani yake Sabina alipewa mstari mmoja. “Alijaliwa mtoto mmoja wa kike, aliyemtangulia.” Msomaji, kijana mwenye sauti nzuri, akaendelea na habari za jumuiya na miaka aliyoimba kwaya. Nilikuwa nimesimama nyuma na mwavuli wenye njiti iliyovunjika, mwanamke wa zaidi ya miaka hamsini, mtaalamu wa mbegu anayekaribia kustaafu, nikasikia hasira ikinipanda hadi masikioni. Mstari mmoja! Nililala na mtoto yule chumba kimoja mwaka mzima, nikavaa ufunguo shingoni kwa ajili yake. Halafu hasira ikanigeukia mwenyewe, maana kati ya watu wote wale wenye udongo mikononi, aliyejua sehemu iliyobaki nilikuwa mimi, na sikuwa nimefungua mdomo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Habari za ukoo naziacha, kila mtu anao na zote zinafanana. Inatosha kusema kwamba Velonika alikuwa mdogo wake mama, na kwamba mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilipomaliza kidato cha nne, nilipelekwa kwake Mpanda kusubiri matokeo. Mumewe, baba mdogo Alfonsi, alikuwa mkulima wa mahindi na mpunga, mtu wa Mpimbwe, mpole mpaka mtu unakereka. Mama yake Alfonsi, ambaye sote tulimwita Bibi, aliishi nasi katika boma lilelile. Nyumba ilikuwa ya tofali za kuchoma, ina vyumba vitatu na stoo. Jiko lilikuwa nje, la udongo na nyasi, jeusi kwa masizi. Juu ya mafiga, kwenye fito za paa, ndipo mbegu ilipokaa: mahindi bora ya msimu, maganda yamefunuliwa na kufungwa mawili mawili, yananing'inia kwenye moshi ili wadudu wasiyasogelee. Siku ya kwanza nililitazama paa lile nikaona ushamba. Nilikuwa nimefaulu kichwani mwangu somo la kilimo kabla hata ya matokeo kutoka.

Sabina alikuwa na miaka sita. Alikuwa mfupi, mnene, mweupe kuliko wazazi wake wote wawili, nywele zake za rangi ya mchanga, na viganja vidogo kama vya mtoto wa mwaka mmoja. Alikuwa akichuna vidonda vyake hadi vinatoa damu, na hakulia. Mama mdogo alinisimulia tukichambua kisamvu kwamba alizaliwa mlegevu kama kitambaa kilicholoa, hana nguvu ya kunyonya, hata kilio chake hakikufika mlangoni. Miezi mitano alimkamulia maziwa kwenye kijiko, tone kwa tone. Kila mtu alimwambia amwache aende. Hakumwacha. “Nilimwomba Mungu ale,” akaniambia. “Nilipiga magoti nikamwomba huyu mtoto ale, Editha. Basi nikapewa nilichoomba.”

Maana alipofika miaka mitatu Sabina alianza kula, na hakukuwa na siku aliyoshiba. Sisemi ulafi. Mlafi anakula akiona chakula kitamu, na mwisho tumbo linamwambia basi. Sabina alikula ugali, akala ukoko, akala maganda ya ndizi, akala pumba za kuku, akala mchele mbichi na samaki wa migebuka waliooza ambao hata paka aliwaacha. Akimaliza sahani yake alinyanyua macho akatazama sahani yako, si kwa uchokozi, bali kama mtu anayengojea gari ambalo anajua litafika. Nikiwa nimelala mchana nilimsikia akinusa chungu kimoja baada ya kingine. Chakula kikaanza kufungiwa stoo, stoo ikawekewa kufuli, na kwa kuwa mama mdogo alikuwa akilainika mtoto akimshika sketi, ufunguo nikapewa mimi. Niliuvaa shingoni kwa uzi wa katani. Nakiri niliupenda. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, sina matokeo, sina kazi, na ufunguo ule ulinifanya mtu.

Ukuta kati ya chumba chetu na cha Bibi haukufika kwenye bati, kwa hiyo maneno yalipita juu kama moshi. “Huyu si wa kwetu,” nilimsikia Bibi akimwambia mwanawe jioni moja ya masika. “Rangi si yetu, nywele si zetu, tumbo si letu. Muulize mkeo alimtoa wapi.” Baba mdogo akakohoa. Hakumuuliza mkewe, wala hakumkataza mama yake. Upande wangu wa ukuta Sabina alikuwa macho, amelala chali, anasikiliza. “Wanasema mimi?” akaniuliza. Nikamwambia wanasema ng'ombe wa jirani. Jirani mwenyewe alikuwa Mama Kulwa, Msukuma aliyehamia na mifugo kutoka kaskazini, mwanamke wa sauti kubwa aliyetuletea maziwa ya mgando. Yeye peke yake alimjibu Bibi usoni. “Mama, kwangu ng'ombe mwekundu amezaa ndama mweupe, na dume ni jeusi. Hatujamfukuza mtu. Nyie mnataka mtoto atoke kama nakala ya karatasi?” Bibi akaacha kunywa maziwa yake wiki nzima.

Sasa niseme jambo ambalo sote tulilifanya, na ambalo sijawahi kumsikia mtu wa nyumba ile akilitaja tena. Ilikuwa desturi ya kumtishia mtoto ili asiguse kitu. Kwingine wanasema kuna zimwi, kuna mbwa, kuna mzungu atakuchinja. Sisi tulisema sumu. Aliyeanza alikuwa mama mdogo, kwa kukata tamaa, siku Sabina alipotaka kunyang'anya mboga ikiwa motoni: “Usile, ina sumu!” Mtoto akarudi nyuma. Tukaona dawa imepatikana. Basi karanga zikawa na sumu, togwa ikawa na sumu, makombo ya wageni yakawa na sumu. Mimi nilikuwa hodari kuliko wote, nilikuwa naongeza na kushika tumbo na kugeuza macho. Wiki mbili tatu ikafaa. Halafu Sabina akaanza kuonja sumu zetu moja moja, kimyakimya, na hakufa. Sisi tuliendelea kusema tu, kwa mazoea, kama mtu anavyoendelea kumfukuza kuku aliyeshamzoea.

Mavuno yalipofika, kanisani watu walipeleka matoleo ya mazao, wanatembea kwa foleni na vikapu kichwani, kwaya inaimba. Sabina alichomoka mkononi mwa mama yake, akapita kati ya miguu ya watu, na tulipomfikia alikuwa amekaa chini ya ngazi za altare anakula ndizi za sadaka na maganda yake. Kuna waliocheka. Bibi alijifunika kanga uso mzima, na tangu siku ile ikaamuliwa Sabina asiende tena Misa. Kila Jumapili mmoja wetu alibaki naye kwa zamu. Baadaye kidogo akaparamia kinu, akakwea ukuta wa jiko, akaangusha mbegu kutoka kwenye fito, akaguguna mahindi manne makavu kabla hatujamkuta. Mbegu ya mwaka mzima! Ndipo ikashushwa yote kutoka kwenye moshi ikafungiwa stoo. Na mbegu iliyotolewa kwenye moshi haikukaa miezi miwili, bungua wakaingia. Nilikuwa na jibu. Niliiambia familia nzima, tukiwa tumekaa tunakula ugali kwa dagaa, kwamba hivi vitu vina dawa za kisasa, tumefundishwa. Baba mdogo akaniangalia kwa heshima. Nikaenda mwenyewe sokoni Kashaulili, nikarudi na unga wa rangi ya waridi ndani ya karatasi iliyokunjwa, haina jina. Muuzaji aliniambia: “Hii kali. Hii ya kupanda tu, si ya kula.” Nikayapukuchua yale mahindi, nikachanganya mbegu kwenye debe kwa mwiko wa zamani, nikaosha mikono mara tatu. Sabina alikaa mlangoni ananitazama. Nikamwambia, “Usiguse, ina sumu.” Akatikisa kichwa kwa adabu kama siku zote.

Ilikuwa Jumapili ya mwishoni mwa Novemba, mawingu yameshuka, watu wanangoja mvua ya kupandia. Zamu ilikuwa yangu. Asubuhi mama mdogo aliniomba ufunguo, akachukua mchele wa kupeleka kwa mgonjwa, akafunga, akanirudishia, wakaondoka. Mimi nikafungua tena, nitoe chumvi. Mama Kulwa akaniita uani: mtu wake ametoka mjini, anasema barua yangu ya chuo imefika. Nilikuwa nimeingojea barua ile kuliko nilivyongoja mvua. Nikatundika kufuli kwenye pete bila kulibana, nikakimbia. Nilikaa kwa Mama Kulwa muda wa kusikia habari mara mbili, nikarudi na kibuyu cha maziwa na kicheko mdomoni. Nikiwa uani nikasikia meno. Kutafuna mahindi makavu kuna sauti yake, huwezi kukosea. Alikuwa amekaa sakafuni, debe katikati ya miguu, midomo na viganja vya rangi ya waridi.

“Sabina! Nilikwambia ina sumu!”

Akanitazama kwa utulivu, bila hofu, hata kwa huruma kidogo. “Nyie mnasemaga sumu,” akasema polepole, kama kawaida yake. “Karanga sumu. Togwa sumu. Ugali sumu. Sijafa.”

Nilimtia vidole kooni. Hakutapika. Katika mwaka mzima nilikuwa sijamwona akitapika, na sikujua kwamba hilo nalo lilikuwa sehemu ya ugonjwa wake. Nilipiga kelele, Mama Kulwa akaruka ua, akasema maziwa, nikampa maziwa. Aliyanywa yote, akaramba kibuyu, akaomba mengine. Baadaye nilisoma kwamba kwa dawa za aina ile maziwa hayasaidii, huenda hata yanaisukuma sumu mwilini haraka. Alianza kutetemeka mikono, halafu uso, halafu mwili mzima ukakakamaa. Kijana wa Mama Kulwa alimfunga kwa kanga mgongoni mwa Mama Kulwa mwenyewe juu ya baiskeli, wakaelekea hospitali, mimi nakimbia nyuma. Tulikutana na watu wa kanisani njiani, karibu na reli. Mama mdogo alimpokea mikononi, na hapohapo barabarani, kwenye vumbi, watu wakiwa na nguo za Jumapili, akaona kwamba hana wa kumpeleka hospitali tena.

Nyumbani Bibi aliuliza swali moja tu. “Kufuli nani aliliacha wazi?” Lilikuwa bado linaning'inia kwenye pete. Mama mdogo alilitazama. Akanitazama mimi, na uzi shingoni kwangu, na nadhani aliona kila kitu, maana yeye mwenyewe asubuhi alikuwa amelibana hadi likalia. Nilifungua mdomo. Nataka niseme nilifungua mdomo. “Ni mimi,” akasema yeye. “Nilichukua mchele asubuhi, sikufunga.” Na mimi nikaufunga mdomo wangu. Bibi akapiga makofi mara moja, ya kumaliza maneno. “Kamzaa mwenyewe, kamuua mwenyewe.”

Mwezi uliofuata niliondoka kwenda chuoni na barua yangu. Baba mdogo alihamia Mwese, milimani, akalima huko, akaoa huko. Hakumfukuza mkewe, alisahau tu kurudi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga, na ule wa mama mdogo niliuona mwepesi kwa sababu sikuuona kabisa. Sikwenda likizo hata moja.

Kisha, miaka ileile ya tisini ikielekea ukingoni, nikiwa nimerudi chuoni kwa masomo ya juu, mwalimu wetu wa urithi wa mimea aliingia darasani na mahindi mawili. Alikuwa mwanamke mkavu, asiyependa mzaha. Alisema ameoanisha mbegu zilezile mbili, ya zambarau na ya njano. Pale zambarau ilipokuwa mama, punje zimejaa zambarau. Pale zambarau ilipokuwa baba, punje zimetoka na madoadoa tu. Jeni ni ileile. Kilichotofautiana ni kwamba ya baba imelazwa. Akachukua uzi akauzungusha kwenye vijiti. Uzi wa urithi, alisema, haukai wazi kama kamba ya kuanikia nguo, umezungushwa kwenye protini, na vyote pamoja vinaitwa kromatini. Vijiti vikikaa mbalimbali, seli inausoma uzi. Lakini ziko protini nyingine ambazo kazi yake ni kuja kuvibana, kuweka alama, na kuhakikisha alama haifutiki seli inapogawanyika. Jeni iliyobanwa hivyo haijafa, haijaharibika, haijaondoka. Ipo nzima, haisomeki. Akasema hivyo ndivyo jani linavyojua kuwa jani na ini linavyojua kuwa ini, kwenye mhindi na kwenye mtu, na kwamba mwili usiojua kunyamazisha hauwezi kuishi.

Halafu akasema, kama mfano wa kufungia somo, kwamba kwa binadamu kuna kipande ambacho kila mama humpa mtoto kikiwa kimenyamazishwa. Mtoto hutegemea kile cha baba. Ikitokea cha baba kimekosekana, na mara nyingi hukosekana kwa bahati tu, bila kosa la mtu, mtoto huzaliwa mlegevu, hawezi kunyonya, na akifika miaka miwili au mitatu hushikwa na njaa isiyoisha, kwa sababu ubongo haupati habari ya shibe. Wengine huwa na viganja vidogo. Wengine huwa weupe kuliko ndugu zao. Sikumbuki alivyomaliza. Nakumbuka nimeinama nyuma ya maabara natapika, na nikiwa natapika nikakumbuka kwamba yeye hakuweza.

Miaka mingine ilipita kabla sijapata ujasiri wa kwenda. Nilimkuta mama mdogo amezeeka, jikoni kwake, moshi uleule. Nikamweleza kwa Kiswahili nilichokipanga ndani ya treni njia nzima, na mahindi, na uzi. Alinisikiliza mikono imelala mapajani.

“Kwa hiyo mimi nilikuwa nacho?” akauliza.

“Ulikuwa nacho, mama. Kizima. Na mtoto alikuwa nacho, kutoka kwako.”

“Na hakikusema kitu.”

“Kwa kila mama ndivyo kinavyokaa. Kilichokosekana kilikuwa cha upande wa baba, na hata yeye hana kosa.”

Alisukuma kuni kwenye mafiga. Halafu akasema, “Bibi angekuwa hai ningemwambia,” akafunua chungu, akanipakulia. Alingoja nile. Sasa naamini alikuwa akingoja na neno lingine, maana alinitazama mpaka nilipomaliza, akanitazama nikinawa. Nilimletea sayansi nzima ya kumsafisha juu ya kuzaliwa kwa mtoto, na juu ya kifo chake sikumletea sentensi moja. Niliaga nikisema gari litaniacha.

Hayo ndiyo niliyobeba kwenda msibani. Siku ya kuanua tanga niliingia jikoni kusaidia, nikamkuta Pendo, mjukuu wa Mama Kulwa aliyelelewa na mama mdogo miaka yake ya mwisho, anasonga ugali wa watu. Nikanyanyua macho. Mbegu ilikuwa imerudi kwenye fito, mawili mawili, nyeusi kwa moshi, kama siku ya kwanza. Ila hindi moja lilikuwa limefungwa kwa kamba ndefu, linaning'inia chini kabisa kando ya mlango, usawa wa kiuno changu. Nilinyoosha mkono.

“Hilo haliguswi, shangazi,” Pendo akasema bila kuacha mwiko. “La Sabina hilo. Kila mavuno Bibi Velonika anashusha jipya. Anasema halina dawa, limekaa moshini tu.”

Nikashika kizingiti. “Alikwambia Sabina alikufaje?”

“Alisahau kufuli. Kila akifunga mlango anasema hivyo. Anafunga, anavuta, anasema, mimi ndiye nilisahau.” Mwiko ukasimama. “Kwani siyo?”

Nje sauti ziliteremka. Mzee wa ukoo, mpwa wa Alfonsi, alikuwa amesimama kwenye mkeka kufunga msiba, kama inavyofanyika. Alitoa shukrani, akawataja waliochimba na waliopika. Akasema marehemu alikuwa mtu wa sala na kwamba hata lile jambo la mtoto, Mungu alikwisha kumsamehe. Watu wakaitika. Akauliza kama kuna mwenye neno na marehemu aliseme sasa, asije akaondoka nalo.

Nilitoka jikoni na moshi machoni. Nikasimama mbele ya mkeka, mbele ya wajukuu wa Bibi na watoto wa Alfonsi waliotoka Mwese, na kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nikaufungua mdomo wangu usifungike.

“Mimi ninalo,” nikasema. “Kufuli lile nililiacha mimi.”